Mtera baada ya Bwawa la Nyerere: maji ni ya nani sasa, na ukuta nani anauangalia?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hii mada inageuka ubishi wa kijiweni tu. Bwawa la Mtera lina mashine mbili za megawati 40, jumla 80. Kidatu, ambayo iko chini yake kwenye mto huohuo wa Ruaha Mkuu, ina mashine nne, jumla 204. Weka Kihansi 180, New Pangani 68, Hale 21, Nyumba ya Mungu 8, unapata 561, na kwa miaka mingi hiyo ndo ilikuwa nguvu yetu ya maji kwenye gridi ukiacha vimashine vidogo vidogo. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Yaani mashine moja tu ya Rufiji inaipita Kidatu nzima, na Mtera ukiisimamisha pembeni ya ile 2,115 haifiki hata asilimia 4.

Kwa mtu aliyekulia Iringa au Mbeya hii sio rahisi kuizoea. Sisi tumekua na Mtera kama habari ya taifa. Kina cha Mtera kilikuwa kinatangazwa kama matokeo ya Simba na Yanga, watu wasiojua hata bwawa liko upande gani wa Iringa walikuwa wanajua kwamba maji yakishuka mita 690 juu ya usawa wa bahari basi mashine zinazimwa na mgao unaingia. Mwaka 2006 zilizimwa kweli. Oktoba 2015 ikawa mbaya zaidi, mabwawa yote ya umeme nchini yakasimama kwa ukame. Halafu Machi 2024, mwezi mmoja baada ya mashine ya kwanza ya Rufiji kuwashwa, mitambo mitano ya maji ikazimwa tena, ila safari hii kisa umeme umezidi kwenye gridi. Hata miaka tisa haijaisha kati ya kuzima kwa kukosa na kuzima kwa kuzidi, na sijaona kama tumekaa chini tukajiuliza hii inamaanisha nini kwa bwawa lenyewe.

Mimi naona inamaanisha jambo moja kubwa. Kazi ya Mtera imebadilika, lakini bado tunaibishania, tunaiendesha na tunailinda kwa akili ya mwaka 1980, kwamba kila tone ni umeme na yeyote anayeligusa kabla halijapita kwenye tabaini ni mwizi. Ukiondoa hiyo presha ya umeme, maswali mawili yaliyokuwa yamefunikwa yanatoka nje: ukuta huu uliozeeka una usalama gani, na maji yaliyo nyuma yake yatumike kwa nini.

Mtera yenyewe haikujengwa kwanza kwa ajili ya umeme wake. Kidatu ndo ilitangulia, awamu ya kwanza 1975, ya pili 1980, na bwawa la Kidatu ni dogo, linashika kama mita za ujazo milioni 125 tu, kiangazi kikikaza halina ubavu wa kuzilisha mashine nne. Kwa hiyo wakapanda juu ya mto, wakajenga ukuta wa zege pale mpakani mwa Iringa na Dodoma, sehemu ambayo Ruaha Mdogo na Kisigo zinaungana na Ruaha Mkuu, wakapata ghala la maji ya masika. Kati ya kina cha 690 na kile cha juu kabisa cha 698.5 panakaa kama mita za ujazo bilioni 3.2. Mashine za palepale Mtera zilikuja baadaye sana, 1988. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Mtera ilikuwa mtumishi wa Kidatu, na kila aliyeishi juu yake au chini yake alihesabiwa kwa kipimo hicho, anaiongezea Kidatu maji au anaipunguzia.

Na hapo ndo ilipoanzia ile kesi isiyoisha ya Mbarali, wilaya ya wakulima wa mpunga mkoani Mbeya.

Zaidi ya nusu ya maji yanayoingia Mtera yanatokea Usangu, bonde ambalo Mbarali imo ndani yake. Mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, Chimala, Kimani, Mbarali na mingineyo, inafika kwenye tambarare, inagawiwa kwenye mabanio (kuta ndogo za kugeuza maji ya mto) na mifereji ya mpunga, Kapunga, Mbarali, Madibira na mamia ya vijaruba vya watu binafsi, kinachobaki kinaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, kinatoka pale N'giriama, kinapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ndo kinafika bwawani. Tangu mwishoni mwa 1993 mto ukaanza kukatika kabisa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, samaki wanakufa, na kwa kuwa miaka hiyohiyo ya mwanzoni mwa 90 mgao ulikuwa umeanza, watu wakaunganisha mambo mawili wakapata mkosaji mmoja: mkulima wa mpunga na mfugaji wa Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo Frederick Sumaye akiwa London akaahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu itatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006, mgao ukiwa umepamba moto, ikaja oparesheni ya kuondoa mifugo bondeni, ng'ombe wakaswagwa hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 pori la Usangu likaingizwa kwenye hifadhi kwa lile tangazo la serikali namba 28 ambalo watu wa Mbarali wanalitaja hadi leo kwa sauti ya kuchoka. Na 2010 ikafika ikapita, mto unakatika vilevile.

Sasa tuliangalie hili kwa utulivu maana ndo kiini cha makala. Mtera inajaa kwa maji gani? Inajaa kwa maji ya masika, yale ya kufurika, mwezi wa pili mpaka wa tano hivi. Maji yanayogombaniwa kwenye mabanio mwezi wa tisa na wa kumi ni madogo mno. Piga hesabu mwenyewe: chukua mtiririko wa mita za ujazo 2 kwa sekunde, kwa kiangazi viboko wa Ruaha wangeushangilia, uache utiririke siku 90 mfululizo bila mtu kuugusa. Unapata mita za ujazo kama milioni 15 na nusu. Kwenye ghala la bilioni 3.2 hiyo ni nusu ya asilimia moja. Hata kwa Kidatu ndogo ni sehemu moja ya nane ya bwawa. Kwa hiyo hata ungefunga kila banio la Mbarali kiangazi chote, mtu wa Dar asingeona tofauti kwenye luku yake.

Watafiti waliopiga kambi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka kama 2005 walilisema hili na wakalirudia: kukauka kwa mto hifadhini ni tatizo moja, kukosa umeme ni tatizo jingine, na sehemu ya tatizo la pili ilikuwa kwenye jinsi maji ya Mtera yalivyokuwa yanafunguliwa, mwaka wenye mvua nzuri yanatumika kwa fujo, mwaka unaofuata mvua zikigoma ghala liko chini. Lakini kumlaumu mfugaji ni rahisi kuliko kukubali kwamba ratiba ya bwawa ina kasoro. Ng'ombe unamwona, ratiba huioni.

Simtetei kila mtu bondeni, nisieleweke vibaya. Yapo mabanio yanayokunywa mto mzima mwezi wa nane, maji yanazunguka kwenye mifereji hayarudi, huo ni uharibifu na hifadhi inaumia kweli, na wanaoishi kando ya mto chini yake wanaumia pia. Ninachosema ni kwamba kesi hii iitwe kwa jina lake. Ni kesi ya mto, ya wanyama, ya utalii, ya watu wanaokunywa maji yale. Sio kesi ya umeme, na kwa sasa ambapo Rufiji inatoa zaidi ya elfu mbili kisingizio cha umeme kimekufa kabisa. Mkulima wa Rujewa akiambiwa afunge banio Septemba aambiwe ni kwa sababu ya mto, tena apewe njia, mfano lile wazo la siku nyingi la bwawa la Lugoda kwenye mto Ndembera huko Mufindi, la kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi. Lijadiliwe kwa faida yake na hasara zake, wazi, bila kuwatisha watu na giza.

Haya, tuje kwenye ukuta.

Ukuta wa Mtera una urefu wa mita 260 hivi na kimo cha mita 45, na barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita pale, kwa hiyo maelfu ya watu wanaupita kwa basi wakiangalia maji upande mmoja na bonde upande mwingine bila kufikiria chochote. Kidatu ni tuta la udongo na mawe, kimo kama mita 40. Yote mawili ni ya miaka ya sabini. Umri peke yake sio ugonjwa, kuna kuta duniani zina miaka zaidi ya mia na zinafanya kazi, ila bwawa sio kitu cha kujenga ukaondoka, linahitaji kuangaliwa kila siku kwa pesa ambazo hazionekani popote kwenye sherehe za uzinduzi.

Nani asiyekumbuka Derna? Septemba 2023, mji wa Derna nchini Libya, mabwawa mawili ya miaka hiyohiyo ya sabini yalivunjika usiku mmoja baada ya kimbunga kuleta mvua, maelfu ya watu wakafa, mitaa mizima ikasombwa mpaka baharini. Nyufa zilikuwa zinajulikana tangu mwaka 1998. Mkandarasi wa ukarabati alishapewa kazi, akaanza 2010, vita vya 2011 vikamsimamisha, hakuna aliyerudi kumalizia. Hapo jirani zetu Kenya, Mei 2018, bwawa la shamba binafsi huko Solai, Nakuru, lilibomoka likaua watu zaidi ya 40, na lile halikuwa hata la umeme, lilikuwa la kumwagilia. Kwa hiyo vinavyoua ni vitu vya kawaida kabisa, ukarabati ulioahirishwa, bwawa ambalo hakuna aliyelikagua, mvua iliyozidi ile waliyoipigia hesabu.

Na sio lazima libomoke ndo uone gharama. Angalia Kariba hapo Zambia na Zimbabwe. Lilianza kushika maji mwishoni mwa miaka ya 50, na kila mageti yakifunguliwa maji yanashuka kwa nguvu yanachimba mwamba chini ya ukuta, wakaja kukuta shimo la mita 80 na zaidi linasogea kuelekea msingi. Ukarabati ulioanza 2017 bajeti yake ni kama dola milioni 294. Ukilichelewesha bwawa huduma linakutumia bili.

Watu wakisikia ukaguzi wa bwawa wanafikiri ni mainjinia wamevaa helmeti wanapiga picha ukutani. Kazi yenyewe ni ya kuchosha na ya kurudia rudia. Kwenye tuta kama la Kidatu unapima maji yanayovuja, maana kila tuta linavuja kidogo na hilo sio kosa, unachotafuta ni kama kiasi kimeongezeka bila kina cha bwawa kupanda, na zaidi ya yote rangi yake: yakitoka masafi afadhali, yakitoka na tope maana yake udongo wa ndani unabebwa chembe kwa chembe na siku moja kunatokea tundu. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu ya mgongo wake huwa halina muda, linakatika. Kwenye ukuta wa zege kama Mtera unapima presha ya maji yaliyo chini ya msingi, unapima kama vipande vya ukuta vimesogea hata kwa milimita, unaangalia nyufa zinazokua, unaangalia zege kuvimba. Kisha mageti. Mimi kama ningepewa dakika tano tu pale ningeuliza habari ya mageti, yanafunguka yote? yalifunguliwa lini mara ya mwisho kwa majaribio? umeme wa gridi ukikatika usiku wa mafuriko kuna jenereta inayowaka kwa uhakika na ina mafuta? Maana mara nyingi mafuriko na kukatika kwa umeme vinakuja pamoja, na geti lisilofunguka siku hiyo ni kama halipo.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo linaunganisha usalama na ile kazi iliyobadilika. Mtu wa umeme anapenda bwawa lijae, maji mengi ni pesa benki. Mtu wa mafuriko anataka libaki na nafasi kabla mvua kubwa hazijaja ili lipokee wimbi. Hawa wawili hawawezi kuridhika kwa pamoja na miaka yote kwa Mtera aliyekuwa anashinda ni wa umeme, na kwa hali ya mgao nani angemlaumu. Kwa sasa kuna nafasi ya kumsikiliza wa pili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza El Niño, kama ilivyofanya 2023, Mtera inaweza kushushwa mapema taratibu, wiki kadhaa kabla, bila nchi kuingia gizani. Mwaka 2006 usingethubutu hata kulitamka hilo.

Na wanaoishi chini yake ni kina nani? Mto ukitoka Mtera unashuka kwenye mabonde mpaka Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, ambapo barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya inavuka, halafu Kidatu yenyewe, halafu mashamba ya miwa ya Kilombero na reli ya TAZARA. Mkulima wa vitunguu ameweka pampu yake ukingoni kabisa, mpira uko mtoni, na mto ukipanda ghafla kwa sababu mageti yamefunguliwa anapoteza pampu na tuta moja la vitunguu, hilo ni kama ana bahati. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009 ina sehemu nzima ya mabwawa na usalama wake, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ofisi zake ziko hapahapa Iringa, wataalamu tunao. Ninachotaka mimi ni kidogo tu: muhtasari wa ukaguzi wa Mtera na Kidatu usomwe kwenye mkutano wa kijiji Ruaha Mbuyuni kwa Kiswahili cha kawaida, ramani ya maji yatafika wapi na baada ya saa ngapi ibandikwe shuleni na zahanati, meseji zitumwe kabla ya mageti kufunguliwa, na mara moja kwa mwaka watu wafanye zoezi la kukimbilia mlimani. Kuna wakubwa watasema utawatia watu hofu. Mtu wa kando ya mto haogopi taarifa, anaogopa maji.

Tuje kwenye maji sasa, na hapa kuna mambo matamu.

Mtera likijaa linatanda kilomita za mraba kama 660 lakini ni bwawa fupi kwa kina, sahani kubwa. Kwa jua la Isimani na Mpwapwa mvuke unaopotea kwa mwaka ni karibu mita 2 kwenye uso wa maji, na mvua ya kule haifidii hata nusu. Chukua mita moja tu ya uso uliojaa: mita za ujazo milioni 660. Hayo ni mabwawa ya Kidatu matano na zaidi, yamepaa angani, hayajazalisha hata yuniti moja wala kumwagilia mche mmoja. Siku tukilaumu mfugaji kwa maji ya ng'ombe wake tukumbuke na jua lilivyo na kiu.

Wanaolitumia bwawa kila siku ni wavuvi. Migoli na Mtera yenyewe perege na kambale ndo maisha, basi likisimama samaki wa kukaanga wanapanda madirishani kabla abiria hajashuka, na wachuuzi wanaupeleka mzigo Iringa mjini na Dodoma. Lakini nani aliwahi kumuuliza mvuvi kuhusu kina cha maji? Perege anachimba kiota kwenye maji mafupi ya ukingoni. Ukishusha bwawa kwa kasi wakati wa kuzaliana viota vinabaki juu vinakauka, na mwaka unaofuata tunawalaumu wavuvi kwa makokoro. Makokoro ni tatizo kweli, yapigwe marufuku na yachomwe, ila nusu ya uvuvi wa Mtera inaamuliwa na anayefungua maji, ambaye kwenye kazi yake hakuna mahali palipoandikwa neno samaki.

Halafu kuna wanaolima bwawani. Kwa kuwa bwawa ni sahani, kina kikishuka mita moja maji yanarudi nyuma mbali sana yanaacha udongo wenye rutuba na unyevu, watu wanapanda mahindi, mboga, matikiti, kwa mtindo uleule ambao Iringa tunalima vinyungu mabondeni. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni usifanye shughuli ya kudumu. Sawa, ila ukingo upi? Wa Aprili au wa Novemba? Bwawa ambalo ukingo wake unatembea kilomita na kilomita kwa mwaka halipimwi kwa futi kamba ya mita 60. Hapa panahitaji mkataba wa msimu: kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani eneo hili linalimwa, bila sumu za kunyunyizia zinazoishia kwenye samaki, na siku ya maji kurudi inatangazwa mapema. Ukimwambia mtu mwezi wa tisa kwamba mwaka huu bwawa litapandishwa kuanzia Januari anajua apande cha siku 70 au aache. Hilo halina gharama kubwa, ni simu na ratiba.

Na Dodoma. Serikali imehamia kule, mji unakua haraka kuliko mabomba, na habari ya kuvuta maji Mtera kwenda Dodoma imezungumzwa sana. Zamani hoja ya kuipinga ilikuwa rahisi, mtaua umeme. Tupige hesabu tena. Tuseme mji uvute lita milioni 100 kila siku, kwa mwaka ni mita za ujazo milioni 36 na nusu, kama asilimia 1 ya ghala la Mtera. Ile mita moja ya mvuke ni mara 18 ya hiyo. Kwa hiyo maji sio shida, shida ni mlima: Mtera iko mita 698 likijaa, Dodoma iko juu ya mita 1,100, unapandisha maji zaidi ya mita 400 kwa umbali wa zaidi ya kilomita mia, bili ya pampu inatisha. Lakini subiri, si ndo tumesema tunazima mitambo kwa sababu umeme umezidi? Usiku watu wamelala, mahitaji yameshuka, ndo saa ya kusukuma maji yakajae kwenye matangi ya Dodoma. Umeme wa ziada unageuka maji ya kunywa. Binafsi hili naliona la maana kuliko nusu ya maneno yanayosemwa kuhusu kuuza umeme nje, ingawa hilo nalo lina nafasi yake na laini ya kwenda Zambia kupitia Iringa na Mbeya imepangwa vizuri.

Naijua hoja ya upande wa pili na haina ujinga. Injinia wa gridi atakwambia huwezi kuweka mayai yote Rufiji, laini moja ikianguka nchi nzima inazima, Mtera na Kidatu ziko katikati ya nchi zinashikilia volteji, zinawaka kwa dakika chache, na tena mahitaji yanakua, miaka kumi ijayo hiyo ziada unayoitangaza itakuwa imeliwa. Kweli kabisa. Na maji ya Mtera yanatumika mara tatu: Mtera, Kidatu, kisha yanaingia Rufiji juu ya Bwawa la Nyerere yanazungusha mashine tena. Sisemi zizimwe. Nasema ziwe akiba ya gridi badala ya kuwa roho ya gridi, na akiba haihitaji kulinyonya bwawa mpaka tope kila mwaka. Kuhusu Rufiji kukosa maji, Ruaha Mkuu inachangia kama asilimia 15 tu ya mto Rufiji, mzigo mkubwa unatoka Kilombero. Ukiacha maji kidogo Mtera kwa ajili ya samaki na Dodoma, Nyerere haitajua.

Kinachokosekana ni meza moja. Anayeamua kina cha Mtera akae na mvuvi wa Migoli, mkulima wa Pawaga, mwenyekiti wa skimu ya Mbarali, mtu wa hifadhi, mtu wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na mtu wa maji wa Dodoma, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada ya masika, waamue ratiba na itangazwe. Jumuiya za watumia maji zipo tayari huku kwetu, zimezoea kugombana kuhusu zamu za mfereji, wanajua kazi.

Na hili halisubiri, maana Nyanda za Juu Kusini bado zina mabwawa makubwa kwenye makaratasi, Ruhudji megawati 358 na Rumakali 222, yote Njombe. Yatakapokuja, wanakijiji wa Makete na Njombe wataitwa kwenye mikutano waambiwe kuhusu ajira, barabara na fidia, na watapiga makofi, sawa, fidia ni haki yao. Ila kabla ya kusaini muhtasari waulize na haya: bajeti ya kukagua ukuta mwaka wa 30 inatoka mfuko upi, nani mwingine ana sauti kwenye kina cha maji zaidi ya mtu wa umeme, na mageti yakifunguliwa saa nane usiku nani anapiga simu, kwa nani, na huyo anayepigiwa ana dakika ngapi.